Maji Yalipofika

Kwenye simu, nyumba ya Wangeci ilikuwa ndani ya ziwa.

Aliishika simu ya bintiye kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho, akairudisha karibu. Haikusaidia. Paa lake alilitambua hata lilipopigwa picha kutoka angani: mabati ya kijani mbele, mekundu upande wa jiko, kwa sababu marehemu mumewe alipenda vitu vya bei nafuu na hakujali visipofanana. Juu ya paa hilo ilikuwa imetandazwa rangi ya buluu, nyembamba kama nailoni ya kufunikia mboga. Buluu hiyo ilianzia ziwani, ikapanda barabara za mtaa wa Kihoto, Naivasha, moja baada ya nyingine, ikameza kanisa, ikameza kisima, ikafika kwake na kukoma nyuma ya choo.

"Sasa angalia hapa," alisema Abby, akapeleka kidole chini kidogo. "Kwa Baba Muturi."

Baba Muturi ni Ephantus, jirani yake wa upande wa ziwani. Kwake palikuwa peupe. Nyumba, ua, mparachichi wa mbele, vyote vikavu. Buluu ilifika kwenye ua wake ikagawanyika, ikapita huku na huku kama watu wanaompisha mkubwa mlangoni, kisha ikaungana tena nyuma yake na kuendelea kupanda kwenda kwa Wangeci.

"Ephantus yuko chini yangu," alisema Wangeci. "Nikimwaga maji ya kuoshea vyombo yanaishia kwake. Tumegombania hayo maji tangu wewe uko shule."

"Alijaza kifusi, Mama. Aliinua ploti kabla ya kujenga. Amemweleza Khisa."

"Kifusi."

"Na hata kama humwamini yeye, hii si yake. Ni ramani ya umma ya mafuriko ya mwaka jana. Mtu yeyote anaifungua, hata akiwa Mombasa."

Wangeci alimrudishia simu. Walikuwa ndani ya duka lake la hadiwea, saa za asubuhi ambazo mafundi wamekwisha kununua misumari yao na kwenda. Mkwewe Khisa alikuwa amesimama kule mwisho, karibu na mizingo ya waya, uso ameuelekeza kwenye mabomba kana kwamba anayahesabu. Hakuwa na haja yoyote na mabomba. Kwao Bungoma mwanamume hamkaribii mama mkwe. Hamshiki mkono, hakai naye kiti kimoja, na akikutana naye njiani hutafuta upande mwingine wa njia. Abby alipoeleza jambo hilo mara ya kwanza, Wangeci alidhani ni kiburi kilichovishwa jina la mila. Miaka ilikuwa imemfundisha kwamba ni heshima, lakini heshima hiyo ilikuwa na hasara yake: hakuwahi kuuona uso wa Khisa kwa karibu vya kutosha kujua mtu huyu akisema ndiyo anamaanisha nini.

"Khisa," aliita. "Wewe ni fundi wa mabomba ya mvuke huko Olkaria. Umewahi kuona maji yakiruka nyumba ya chini yakaingia ya juu?"

"Hapana, mama," alijibu Khisa, akiyaambia mabomba. "Lakini nimeona udongo ukidanganya macho. Pahali unaona pameinuka, kumbe pamelala. Ndiyo sababu tunapima."

"Tutaandikiana mkataba wa nyumba yake Jumamosi," alisema Abby haraka, kama mtu anayefunga dirisha kabla mvua haijaingia. "Mkopo wa sacco umetoka. Khisa amechoka kulala Olkaria wiki nzima na sisi tuko Nakuru, kule Bondeni. Sue akimwona analia kama ameona mgeni, Mama. Babake."

Mtoto alikuwa mgongoni kwa mama yake, amelala, shavu limebonyea kwenye leso. Wangeci alimtazama. Alikuwa ametamani siku nyingi wahamie karibu. Alitamani hivyo kiasi kwamba alijua, akilisema pingamizi lake kwa nguvu, Abby atadhani anataka wakae ndani ya ua wake mwenyewe, chini ya jicho lake. Na Abby alikwisha kudhani hivyo. Ilionekana kwenye mabega yake.

*

Jioni, kabla ya giza, Wangeci alisimama mbele ya nyumba yake na kuutazama ukuta.

Mstari wa maji ulikuwa pale pale, wa rangi ya chai, umezunguka nyumba yote chini kidogo ya madirisha. Mwaka uliopita ziwa lilipanda wakati wa mvua za masika. Halikuja kwa kishindo. Liliingia kama mgeni asiyebisha hodi, asubuhi uani, jioni sebuleni, na viboko wakalifuata wakawa wanakula majani kando ya shule. Wangeci alifunga duka, akapeleka mali yake Nakuru kwa lori, akakaa kwa Abby mpaka maji yaliporudi. Kila mtu alifanya vivyo hivyo. Hakuna aliyebaki Kihoto kuona maji yamefika wapi kwa nani.

Waliporudi, walirudi kupaka rangi. Yeye hakupaka. Alijua plasta iliyokunywa maji wiki kadhaa haikauki kwa mwezi mmoja. Inataka hewa, inataka jua, inataka subira. Ukiipaka mbichi, unyevu unatafuta njia ya kutoka, na njia ni kupitia rangi yako. Aliwaambia wateja wake hivyo mmoja mmoja. Wengine walimwona anajifanya mwalimu. Na kwa kweli yeye, mwenye kuuza rangi, hakuwa na haraka. Ukuta wake ulikuwa tangazo la kutosha, watu wakipita walikumbuka kwamba na wao wanahitaji kopo.

Halafu wakaja wa ramani, vijana wenye simu na futi za kupimia, na fulana zilizoandikwa Ziwa Wazi.

Kihoto ilikuwa na uzoefu wa watu wanaokuja na simu. Walipokuja wa kugawa magodoro, hakuna nyumba ambayo haikuzama mpaka paa. Hata wale wa juu kabisa, karibu na barabara kuu, walionyesha soksi zilizolowa. Lakini kabla wa ramani hawajafika, maneno yalikuwa yamewatangulia: kwamba watakaotiwa alama watabomolewa, eti ziwa lina mpaka wake na serikali inautafuta. Basi walipofika, Kihoto nzima ilikuwa kavu. Wangeci alikumbuka jinsi alivyocheka siku ile. Yeye aliwaonyesha ukuta wake na kuwaambia wapime wapendavyo, kwa kuwa hati yake ya kumiliki ilikuwa salama na hakuna mtu angemtoa kwake kwa ajili ya picha.

Sasa hakucheka. Aliangalia chini, kwa Ephantus. Ukuta wa jirani ulikuwa safi, umenyooka, unang'aa katika mwanga wa mwisho. Ephantus alikuwa mzee wa kanisa, mwenye sauti ya kuombea wagonjwa. Mtu wa sauti kama hiyo akitaka nyumba yake iwe nyeupe kwenye simu ya kijana mmoja wa ramani, atakosa njia? Atamketisha, atampa chai, na chai si lazima iwe ya majani.

Alifungua ramani kwenye simu yake mwenyewe. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, palikuwa na maneno: Umeona kosa? Tuambie. Akabonyeza. Akaandika: Maji hayapandi mlima. Njooni mnieleze. Akaweka jina na duka.

Alipigiwa simu kabla hajamaliza kupika. Hilo nalo lilimtia shaka. Ofisi gani hupiga simu haraka hivyo?

*

"Niaje, mathe. Ni mimi Nerima, wa ramani."

"Mathe ni wa kwenu. Mimi ni Mama Abby. Kaa."

Hapakuwa na kiti dukani. Msichana alikaa juu ya mfuko wa saruji, akauweka mkoba wake mapajani. Alikuwa mwembamba, nywele amezikata fupi, na futi ya kupimia ilining'inia mfukoni kama ufunguo wa gari ambalo hana.

"Nani aliwapa chai?" aliuliza Wangeci.

"Chai gani?"

"Unajua chai ninayoisema. Kwa Ephantus."

Nerima hakukasirika. Aliinua mguu mmoja, akaonyesha kiatu kilichoachama mbele, kimebandikwa gundi mara mbili. "Mama Abby, kama kungekuwa na chai, hiki kiatu kingekuwa hivi?"

"Wajanja huvaa vibaya makusudi."

"Basi mimi ni mjanja sana, maana hata nyumbani navaa hivi." Akacheka peke yake, kisha akanyamaza alipoona hapati mwenzake. "Uliza chochote. Kazi yetu iko wazi. Hiyo ndiyo maana yake."

Wangeci akauliza, na Nerima akajibu bila kuzunguka. Setilaiti ilikuwepo, lakini siku ambazo maji yalikuwa juu zaidi ziwa lote lilifunikwa na mawingu. Picha zilitoka kama sufi. Kwa hiyo walitembea. Kila nyumba walitafuta mstari wa maji ukutani, wakapima kutoka chini, wakapiga picha, wakaweka nukta. Nukta zikiunganishwa, buluu inajichora.

"Na pasipo na mstari?"

"Tunamuuliza mwenyewe."

"Na mwenyewe anasema kweli."

"Tunaandika anachosema."

"Mnamwamini kila mtu?"

Nerima alifikiri kidogo. "Tulibishana sana kwa hilo. Lakini ni ramani ya watu. Tukianza kuchagua nani wa kuaminiwa, itakuwa yetu sisi, siyo yenu. Kwa Baba Muturi hata sisi tulishangaa. Akatuzungusha, akatuonyesha kifusi nyuma ya nyumba, mawe kweli yako. Ukuta ulikuwa safi. Ningefanya nini? Ona mwenyewe, picha ziko hapo, mtu yeyote anaweza kuzifungua."

Akabonyeza nukta ya Ephantus. Picha ikajaa simu: ukuta, dirisha, futi ya manjano imesimama kando yake bila kupima chochote.

Wangeci aliutazama ukuta ule. Ulikuwa krimu, lakini krimu yenye kijani kwa mbali, kama maziwa yaliyowekwa karibu na majani. Hakukuwa na kopo la rangi hiyo dukani kwa mtu yeyote Naivasha, wala kiwandani. Ilitengenezwa siku moja tu, juu ya kaunta hii hii, siku ambayo njano ilimwishia na Ephantus amesimama hapo akisema hana muda wa kungoja, fundi yuko tayari, mchanganyie chochote kinachofanana. Yeye mwenyewe alitia tone la kijani, akakoroga kwa mti.

Alikumbuka pia alichomuuliza. Alichowauliza wote.

"Kuna kitu, Mama Abby?"

"Hakuna. Nionyeshe nyingine. Hizi nyeupe nyeupe."

Nerima akapitisha kidole. Nyumba ya mwalimu mstaafu, samawati. Vyumba vya Akoth vya kupangisha, pichi. Nyumba ya fundi Peterson, kijivu cha meli. Kila nukta nyeupe ilikuwa na ukuta safi, na kila ukuta safi ulikuwa na rangi ambayo Wangeci angeweza kuitaja kwa namba yake kwenye rafu. Mwaka ule wa mafuriko, wenye maduka wenzake walifilisika. Yeye alikuwa na biashara nzuri kuliko wakati wowote tangu mumewe afariki. Hakuwahi kujiuliza biashara hiyo ilikuwa inafunika nini. Alidhani watu wanasafisha nyumba zao.

Alikuwa amemwita msichana huyu ili amkamate mwizi. Sasa kaunta ilikuwa katikati yao, na kwa mara ya kwanza aliona vibaya kwamba mtu anamtazama usoni.

"Asante kwa kuja," alisema. "Ni vile tu nilitaka kuelewa."

Nerima aliinuka, akapangusa saruji nyuma ya suruali. Mlangoni aligeuka. "Ukikumbuka kitu, lile neno liko pale chini. Tuambie."

*

Alimpigia Abby simu Ijumaa.

"Msinunue pale."

"Sababu, Mama?"

"Mimi ni mama yako."

"Hiyo si sababu. Hicho ni cheo." Nyuma yake Sue alikuwa anagonga sufuria. "Umeuliza watu wa ramani?"

"Nimewauliza."

"Wamesema ni kosa?"

Wangeci angeweza kusema hapo hapo. Neno lilikuwa mdomoni, fupi, halina uzito wowote. Lakini aliliona likitoka kwake likaenda kwa Abby, kwa Khisa, kwenye simu ya Nerima, na kutoka hapo kwa kila mtu, hata aliye Mombasa. Aliona Kihoto yote ya chini ikigeuka buluu kwa alasiri moja. Aliona Peterson akipita mlangoni pake kwenda kununua misumari kwingine. "Hawakusema ni kosa," alijibu, na ilikuwa kweli, na ukweli wake ulimwacha na ladha mbaya.

"Basi tuonane kesho kwa Baba Muturi," alisema Abby. "Ukija kugombana, tafadhali usije."

Alikwenda. Ephantus alikuwa amevaa koti, ameweka chupa ya chai juu ya karatasi za wakili ili upepo usizichukue. Mkewe alikuwa amekwisha kuhamia Subukia kwa Muturi, mtoto wao, na sebule ilikuwa na uchovu wa mahali ambapo mwanamke ameondoka na mapazia. Wageni walipangwa kwa kujali mila: Khisa kiti cha karibu na mlango, Wangeci kochi la ukutani mwisho kabisa, na katikati yao zulia zima ambalo Sue alilivuka kwa magoti akienda na kurudi, yeye peke yake akiwa na ruhusa ya kugusa kila upande.

"Karibuni, karibuni. Mama Abby, leo tumekuwa ndugu," alisema Ephantus.

"Maji yalifika wapi humu ndani, Baba Muturi?"

Abby alifumba macho.

Ephantus alitabasamu, akatoa simu, akaiinua kama mtu anayeinua Biblia. "Siku hizi hatubishani, mama. Tunaangalia hapa. Hawa vijana wamesoma, wamepima. Nyumba yako, kwa bahati mbaya, naona iko majini. Ningekuwa wewe ningelala na maboya."

Khisa alicheka kidogo, kwa adabu, uso ameuelekeza mlangoni. Wangeci akasikia kicheko kile na kukitazama pamoja na vitu vingine vyote vilivyokuwa sebuleni: kalamu juu ya karatasi, mtoto akijishika kwenye mguu wa meza ajisimamishe, kimo chake chote kikiwa hakijafika hata dirishani.

Alisimama, akashika kochi alilokuwa amekalia, akalivuta.

"Umekuja kuhamisha vyombo?" aliuliza Ephantus, na bado kulikuwa na tabasamu, lakini limebaki mdomoni tu.

Wangeci alijua mahali pa kutafuta. Rangi iliyopakwa juu ya ukuta mbichi huanza kushindwa pasipo na hewa, na hakuna hewa nyuma ya kochi. Pale, kwenye kona, krimu ya kijani ilikuwa imevimba malengelenge, mengine yamepasuka na kuacha unga mweupe kama chumvi. Aliingiza kucha chini ya lengelenge moja, akavuta. Ngozi ya rangi ilibanduka nzima, laini, pana kama kiganja. Chini yake ukuta ulikuwa mweusi.

"Mama," alisema Abby.

Alivuta tena, akipanda juu. Kucha yake ya kidole gumba ilivunjika. Akaendelea na nyingine.

Kisha akasikia kiti cha karibu na mlango kikisogea. Khisa alivuka zulia. Alikuja mpaka ukutani, mpaka bega lake likawa karibu kugusa bega la mama mkwe wake, akasimama hapo ambapo kwa miaka yote hakuwahi kusimama. Hakumtazama. Aliweka kidole chake pale kilipoishia cha Wangeci, akaendeleza. Walibandua bila kusemezana, yeye juu, mama mkwe chini, vipande vikianguka juu ya viatu vyao, mpaka mstari ukatokea. Ulikuwa wa rangi ya chai, umenyooka, na nyuzi za majani ya ziwa zilikuwa zimekaukia ndani yake. Ulifika kifuani kwa Khisa.

Abby alimwinua mtoto kutoka chini bila kuambiwa na mtu. Khisa alipiga picha, mara moja, kisha akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka umbali ukarudi kuwa ule wa siku zote. Uso wake Wangeci alikuwa ameuona kwa karibu. Ulikuwa uso wa kijana aliyeogopa.

Ephantus aliketi. Alionekana mdogo ndani ya koti. "Na rangi hiyo niliinunua wapi?" aliuliza. "Waambie hilo pia."

"Kwangu."

"Uliniuliza kama ukuta umekauka. Nikakwambia bado. Ukaniuzia."

"Nilikwambia itabanduka."

"Ulisema itabanduka. Hukusema usipake." Sauti yake haikuwa ya kuombea wagonjwa sasa; ilikuwa ya mtu aliyeamka usiku mmoja na kukanyaga maji alipotafuta viatu. "Nataka kwenda Subukia, Mama Abby, ndiyo dhambi yangu. Nataka kulala bila kusikiliza. Na unadhani ni mimi peke yangu? Ukionyesha yangu, onyesha zote. Anza na Akoth, anayelaza wasichana wa mashamba ya maua. Au hao si watoto wa mtu?"

Hakuna aliyegusa chai. Abby alizikunja karatasi za wakili, akaziweka upande wa Ephantus wa meza, taratibu, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani.

*

Mvua za vuli zilianza wiki hiyo. Nerima alikuja nazo, amefunika simu kwa mfuko wa mkate, akakaa juu ya saruji bila kukaribishwa.

"Khisa ametuma picha," alisema. "Nimebadilisha ile nukta. Angalia."

Palipokuwa peupe kwa Ephantus sasa palikuwa buluu, na buluu ilikuwa imejinyoosha, haigawanyiki tena kumpisha mtu. Nyumba ya Wangeci ilibaki ndani yake vile vile. Ajabu ni kwamba haikumsumbua tena kuiona hapo. Kilichomsumbua ni sehemu nyeupe zilizobaki, moja hapa, moja pale, zimetapakaa chini ya mteremko kama meno.

"Hizo nyingine," alisema Nerima. "Hatuwezi kwenda kukwaruza nyumba za watu. Watatufukuza na mbwa."

"Watawafukuza."

"Lakini wewe unawajua."

Wangeci alitazama nje. Kupitia mlangoni aliweza kuona baadhi ya nyumba hizo, zimelowa, rangi zao zimekolea kwa mvua: samawati, kijivu cha meli, na kule chini kabisa, pichi. Alijua majina ya wenyewe, na alijua watoto wao waliomaliza shule na waliokwama. Alijua nani angemsalimu kesho na nani asingemsalimu. Angesema kwamba hilo halimhusu, kwamba yeye aliuza kopo na kopo halina ulimi. Alijaribu kulisema ndani ya kichwa chake na likasikika kama sauti ya Ephantus.

Akoth aliingia mbio, gazeti kichwani, akajipangusa miguu kwenye gunia.

"Mama Abby, hii mvua itatumaliza. Nipe ile pichi, kama ya mwaka jana. Kopo dogo tu. Vyumba vya chini kona zimeanza kuchafuka, na nina wasichana wanaingia." Akamwona Nerima. "Aa, na wewe uko. Bado mnachora?"

"Bado tunachora," alisema Nerima.

Wangeci alilitoa kopo kwenye rafu, akaliweka juu ya kaunta, lakini mkono wake ukabaki juu ya kifuniko.

"Ukuta umekauka, Akoth?"

Akoth alicheka, kama mtu anayeulizwa swali la salamu. "Utakaukaje na hii mvua? Wewe nipe tu."

"Basi twende nikauone kwanza."

Kicheko kilikoma. Akoth alimtazama Wangeci, akamtazama msichana aliyekaa juu ya mfuko wa saruji, kisha akalitazama kopo, na mkono uliokuwa juu yake. Mvua iliongezeka nguvu juu ya mabati. Kule chini, mahali fulani nyuma ya nyumba za rangi, kiboko aliunguruma, karibu kuliko wiki iliyopita.

"Utauona kwa nini?" aliuliza Akoth polepole.

Wangeci alikuwa amekwisha kuinama chini ya kaunta, akitafuta mwavuli.